Msimu Ambao Mavi ya Ng'ombe Hayakuzikwa

Mama aliyekuwa akiniuzia maziwa pale Ijara ndiye aliyeniambia kwamba nimeua kitu. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechuchumaa mlangoni kwangu, akinimiminia maziwa kutoka kwenye mtungi wake uliofukizwa moshi, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza majuma mawili nyuma.

"Daktari," alisema, "ile sindano yako ni nzuri. Ng'ombe imenenepa. Lakini mavi haiendi."

Nilidhani anasema ng'ombe wamefunga choo. Nikaanza kumuuliza wanakula nini, wanakunywa maji mara ngapi. Aliningoja nimalize.

"Ng'ombe inakunya sawa," alisema. "Mavi ikianguka, inakaa. Jana iko, leo iko, wiki ijayo iko. Ile dudu ya kuzika hakuna."

Mimi si daktari. Nina stashahada ya afya ya wanyama, na kwenye karatasi mimi ni afisa mifugo, lakini kule kusini mwa Garissa mtu yeyote anayeshika sindano huitwa daktari, nami nilishaacha kubisha. Natoka milima ya Taita, kwenye ukungu na migomba, na ule ulikuwa mwaka wangu wa tatu Ijara. Huyu mama nilimwita eedo, yaani shangazi kwa Kisomali, kwa sababu vijana wote wa mtaa walimwita hivyo na umri wake ulikuwa wa kunizaa. Alikuwa mjane. Aliishi na kaka yake na jamaa zao kando ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa la kukingia maji ya mvua, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe, si haba.

Sindano aliyoitaja ilikuwa fahari yangu. Ilikuwa dawa ya minyoo, inayoua na kupe pia, na tuliigawa bure. Nilipofika Ijara watu waliiogopa. Walisema itatoa mimba za ng'ombe, itakausha maziwa. Nikazunguka boma kwa boma, nikanywa chai nyingi kuliko maji, nikaeleza mpaka sauti ikakauka. Msimu wa kwanza walinipa ng'ombe wachache, wale dhaifu ambao hata wakifa si hasara. Wale dhaifu waliponenepa, msimu wa pili wakaniletea wengi, na msimu wa tatu nikadunga zizi zima kando ya silanga, kuanzia fahali hadi ndama. Mkubwa wangu wa Garissa alinipongeza kwenye simu, na si mtu wa kupongeza. Basi kuambiwa mlangoni kwangu kwamba kuna kitu nimekiharibu, tena na mtu niliyempenda, kulinichoma. Nilimjibu kwa mkato kwamba mvua ni chache mwaka huu, wadudu watakuja.

"Inshallah," alisema, akafunga mtungi wake akaondoka.

Siku ya tatu nikaenda kujionea. Nilimkuta eedo malishoni, nyuma ya silanga, akiwa na fimbo yake begani. Alinionyesha kwa mkono. Mahali pale palikuwa pamefunikwa na mavi ya ng'ombe. Si ya siku hiyo tu. Mengine yalikuwa yamekauka kama chapati za juzi, mengine mabichi, mengine yamelowa mvua yakakauka tena, na yote yapo juu ya ardhi, kila moja limeikalia nyasi yake. Nililigeuza moja kwa ncha ya kiatu. Chini yake nyasi zilikuwa nyeupe, zimelala, kama nywele chini ya bandeji. Nikageuza jingine, na jingine. Inzi walikuwepo, tele. Ndama walikuwa wakitikisa vichwa, machozi yamewachora mistari usoni, na wawili nilipowashika niliona tayari macho yameanza kuingia ukungu.

"Zamani," eedo alisema, "mvua ikinyesha asubuhi, ng'ombe ikikunya hapa, unachemsha chai. Chai ikiwa tayari, ukirudi, mavi imekuwa kama mchanga. Inabebwa, inazikwa. Dudu kubwa, dudu ndogo, ya kijani, ya pembe. Sisi watoto tulikuwa tunacheza na hiyo ya pembe."

Nilimuuliza mara ya mwisho kuwaona wengi ilikuwa lini. Alihesabu kwa mvua, si kwa miezi. Mvua kabla sijaja, wengi. Mvua ya kwanza baada ya kuja kwangu, wengi kiasi. Halafu wakapungua, na sasa hivi.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilimpigia simu mwalimu wangu wa chuo, mzee mmoja mstaafu aliyetufundisha vimelea. Nilimweleza.

"Mlidunga mvua zikiwa zimeanza?" aliuliza.

"Ndiyo. Ndio wakati ng'ombe wanakuwa karibu na mji."

"Na ndio wakati madundu wanatoka ardhini kutaga. Dawa ile haiishii mwilini mwa ng'ombe. Sehemu yake inatoka na kinyesi, siku nyingi baada ya sindano. Dundu anakizika, anatagia mle, buu likianguliwa linakula chakula chenye dawa. Nilikufundisha hilo."

Alinifundisha, kweli. Nilikumbuka hata ukurasa wa daftari, na jinsi nilivyouandika haraka kwa sababu haukuwa wa mtihani.

"Wamekwisha?" nilimuuliza.

"Sijui. Huenda ni hapo ulipo tu. Tazama mahali ambako hamkudunga."

Nililala vibaya majuma yale. Watu wa ofisini wana namna ya kusema "athari ndogo" juu ya mambo kama haya, na mimi mwenyewe nimeshaliandika neno hilo mara nyingi. Lakini nilikuwa nimeona nyasi zilizokufa, na nilikuwa nimeona macho ya ndama, na kila asubuhi eedo aliendelea kunimiminia maziwa kwa ukarimu ule ule, akizidisha kidogo juu ya kipimo kama kawaida yake. Angeninunia ningeona nafuu.

Kaka yake eedo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya malisho, mzee mrefu mwenye ndevu za hina, mchache wa maneno. Nilipomwomba anielekeze kwa wafugaji ambao hawakuwahi kudunga, alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema wako upande wa Sangailu, ng'ombe wao wanakaa mbali na maji na mbali na serikali. Tukaenda naye kwa pikipiki mbili, njia ya udongo mweusi inayonata kama uji. Tulisukuma pikipiki kuliko tulivyozipanda.

Kule malisho yalikuwa wazi, vichaka na nyasi vimechanganyika, hakuna kijiji cha kudumu. Ng'ombe hupita, hukaa majuma machache, huondoka. Tulikaribishwa chai. Ng'ombe mmoja alikunya hatua kumi tu kutoka tulipokaa, na kabla sijamaliza kikombe nikasikia mngurumo mdogo, kama pikipiki iliyo mbali. Walikuwa wanakuja kwa kuruka. Walianguka juu ya mavi yale kwa uzito, pu, pu, wakajifukia. Wengine walichonga vidonge wakaviviringisha kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Wengine walizama hapo hapo, na udongo mwekundu ukaanza kufumuka kutoka chini kana kwamba kuna mtu anachimba kisima. Nilipiga magoti palepale na gauni langu refu la heshima. Mwenyekiti alisimama kando yangu, mikono nyuma.

"Hawa ndio unatafuta?"

"Ndio hawa."

"Basi hawajaisha," alisema.

Niliporudi niliamua kufanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilichukua ndoo ndogo za plastiki, nikazifukia ardhini mpaka ukingo ukawa sawa na udongo, na juu ya kila moja nikaning'iniza donge la mavi limefungwa kitambaa. Dundu anafuata harufu, anatumbukia. Niliweka ndoo kando ya silanga, nikaweka kule Sangailu, na nikaweka kwenye shamba moja la karibu na mji ambalo mwenyewe alikuwa amefyeka vichaka vyote na kuzungusha ua ili alime mahindi ya mvua. Kila nilichokipata nilikianika juu ya bati, kikikauka nakipima kwenye mizani ya kupimia dawa. Eedo alinisaidia upande wa silanga. Hakuamini mpaka alipoona kwa macho yake kwamba mtu mzima, mwajiriwa, anaanika wadudu kama watu wa mtoni wanavyoanika samaki.

"Utakula?" aliniuliza.

"Nitapima."

"Na ukishapima?"

"Nitapeleka ofisini."

"Ofisini watakula?"

Kutokana na ndoo zile nilijifunza jambo ambalo sikulitegemea. Kando ya silanga wadudu hawakuwa wachache kama nilivyoogopa. Ukihesabu vichwa, siku nyingine walikuwa wengi kuliko kule mbali. Lakini wote walikuwa wadogo, kama punje za mtama, wa aina moja au mbili, na wakikauka ndoo nzima haikutikisa mizani. Kule Sangailu idadi ilikuwa ya kawaida, ila walikuwa wa kila namna: wakubwa, wa kati, weusi, wa kijani kinachong'aa, wenye pembe, wembamba kama mbegu za tikitimaji. Hao walikuwa na uzito, na hao wakubwa ndio wanaozika. Shambani palipofyekwa nilipata siafu, nyenje wawili watatu, na siku nyingine ndoo tupu yenye maji ya mvua. Shamba lile halikuwa limedungwa dawa yoyote. Lilikosa tu kivuli, na ng'ombe, na kila kitu kingine.

Kwa hiyo haikuwa sindano peke yake. Nilipomwambia hivyo mwenyekiti, aliitikia kwa kichwa taratibu. Alisema silanga ilipochimbwa watu walikaa. Kabla ya hapo kando yake palikuwa malisho ya kiangazi, panaachwa mvua zikinyesha. Sasa ng'ombe wako pale masika, vuli, kiangazi, ardhi imekanyagwa mpaka imekuwa kama sakafu. "Hata dundu anataka mahali pa kuingiza kichwa," alisema.

Sehemu iliyokuwa ngumu ilikuwa mkubwa wangu. Nilisafiri hadi Garissa mjini na chupa zangu za wadudu ndani ya mkoba. Ofisi yake ina feni inayozunguka polepole, na chini ya feni ile nilimpangia chupa mezani, za silanga upande huu, za Sangailu upande ule.

"Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "nimeletewa malalamiko ya kupe, ya ukame, ya mipaka, ya fisi. Hakuna mtu amewahi kuingia hapa kulalamika kwamba amekosa dundu."

"Sasa ameingia mmoja, bosi."

"Unataka tuache dawa?"

Sikutaka hilo. Ng'ombe walikuwa wamenenepa kweli, na minyoo ni minyoo. Nilimweleza nilichopanga na mwalimu wangu na mwenyekiti: tudunge kiangazi, madundu wakiwa wamejificha ardhini na kinyesi kinakauka siku hiyo hiyo, tudunge waliokonda na walio wagonjwa, si zizi zima, na ng'ombe waliodungwa wakae zizini siku kadhaa, samadi yao irundikwe mahali pamoja. Na juu ya malisho kando ya silanga, kamati yenyewe itaamua.

"Idadi ya waliodungwa itashuka," alisema.

"Itashuka."

"Nami nitaulizwa kwa nini."

"Utawaonyesha chupa."

Alichukua chupa moja, ile ya dundu mwenye pembe, akaigeuza kwenye mwanga. Alisema kwao Kisii, utotoni, walikuwa wakimfunga uzi na kumrusha. Halafu akasema niende nikajaribu msimu mmoja, na nisimwachie zile za harufu.

Kamati ilikaa mara tatu. Sikuhudhuria zote, na moja nilihudhuria kwa kukaa nje ya duara pamoja na akina mama. Kulikuwa na waliosema kwamba daktari alitushawishi tudunge, sasa anatushawishi tusidunge, kesho atatushawishi nini. Walikuwa na haki. Nilisimama nikasema hivyo, kwamba wana haki, kwamba nilijua nusu ya jambo nikalisema kana kwamba nalijua lote. Nilisema kwa Kiswahili, na eedo akatafsiri kwa sauti kubwa kuliko yangu. Sijui aliongeza nini. Alizungumza muda mrefu kuliko nilivyozungumza mimi, na wazee kadhaa walicheka, na mmoja akaniletea kiti.

Walikubaliana kuhamisha maboma matano kutoka kando ya silanga kabla ya masika, na kuyaacha malisho yale yapumzike mpaka mvua ikatike, kama ilivyokuwa enzi za baba zao. Ng'ombe wangekuja kunywa na kuondoka. Si wote waliotii. Boma moja lilibaki, la mtu mwenye mke mgonjwa, na hakuna aliyemlazimisha.

Halafu kikaja kiangazi, na kiangazi hakina habari. Madundu hawaonekani kiangazi hata mahali penye heri. Mchwa ndio hula mavi makavu, polepole. Nilidunga waliokonda. Nilitibu macho ya ndama, na wale wawili wa kwanza walipona, mmoja akabaki na doa dogo jeupe. Nilikuwa nikipita kando ya silanga nikitazama ardhi ile ngumu na kujiuliza kama kuna chochote kilicho hai chini yake, au kama nimewachimbia kaburi bila kujua. Mama yangu alinipigia kutoka nyumbani akaniuliza kwa nini nimekonda kwenye picha. Nilimwambia joto.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha alfajiri, kubwa, mpaka barabara ya Garissa ikakatika. Nilivaa mabuti nikaenda silanga. Hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu niliona wadogo wale wa punje za mtama, nikarudi nyumbani nimevunjika moyo, nikapika ugali sikuula.

Siku ya sita eedo hakuleta maziwa. Mpaka saa nne hajaja, na hajawahi kuchelewa. Nikaenda mwenyewe, nikiwaza mabaya yote, homa, nyoka, mto wa msimu. Nilimkuta ng'ambo ya silanga, amekaa juu ya mtungi wake uliojaa, shuka limemfunika kichwa kwa manyunyu, anatazama chini. Hakuinua uso.

"Kaa," alisema. "Bole bole. Usikanyage."

Mbele yake palikuwa na mavi ya ng'ombe aliyepita kunywa. Yalikuwa yanatikisika. Dundu mmoja mweusi, mkubwa kama kifundo cha kidole gumba, alitoka na kidonge chake, akakigongesha kwenye kijiti, akazunguka, akaendelea. Mwingine alikuwa anazama. Niligeuza macho nikaona udongo mbichi umefumuliwa huku na huku, vilima vidogo vidogo, vya jana na vya juzi, ambavyo mimi na mabuti yangu tulivipita bila kuviona kwa sababu nilikuwa natafuta mavi, na mavi hayakuwepo tena.

Nilikaa kwenye matope. Nililia kidogo, sitaficha. Eedo alinipa ncha ya shuka lake nijifute.

"Alhamdulillah," alisema. "Sasa unalia nini? Jana ungelia."

Nilimuuliza kama amemwona wa pembe. Akatikisa kichwa. Hajamwona. Wa kijani amewaona wawili, wa pembe hapana. Labda yuko Sangailu bado, labda atakuja mvua nyingine. Nilifukia ndoo zangu tena mwezi ule, na mizani ikatikisika, si kama ya kule mbali, lakini ikatikisika. Kando ya lile boma lililobaki hapakuwa na mabadiliko makubwa. Shamba lililofyekwa lilikuwa vile vile, ingawa mwenyewe aliniuliza, kwa aibu kidogo, kama akiacha ukanda wa vichaka pembeni itasaidia. Nilimwambia sijui, ajaribu, nitampimia. Mkubwa wangu alipopata habari alisema, "Sawa," kisha akaniuliza kama wale wadogo nao wanaruka.

Lakini asubuhi ile kwenye matope hayo yote yalikuwa bado. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna aliyekuwa akinisubiri ofisini, na mvua ilikuwa imegeuka tena kubwa. Eedo alinichukua hadi kwenye boma lao jipya, akanipa anjera, ule mkate mwembamba wa kumimina, na chai ya maziwa yale ambayo yalikuwa yangu, akanitandikia mkeka ndani ya nyumba yake ya miti na ngozi. Nilisema nitajinyoosha dakika tano tu. Niliamka adhana ya alasiri ikisomwa, nyumba ina joto, ndama wanalia nje, na mtu alikuwa amenivua mabuti na kuyaweka mlangoni.

"Chai imepoa," eedo alisema kutoka jikoni. "Nitaweka ingine."